Mkwe Mwenye Mikono Myepesi

Katoni ilidondoka kutoka juu ya lori saa sita mchana, pale Busia ambapo Kenya inaishia na Uganda inaanzia, katikati ya honi, baiskeli na wauza samaki. Mwanamke mmoja alipiga ukelele, "Glasi zangu!" Watu kumi walitazama juu. Mmoja tu ndiye aliyenyoosha mikono.

Alikuwa mwanamume wa futi sita na inchi tano, ametoka uhamiaji dakika ile ile, begi begani na pasipoti kaibana kwa meno. Aliipokea katoni ingali hewani, akaishusha kifuani kwa upole kama anayepokezwa mtoto mchanga, akabaki amesimama vivyo hivyo. Hakuna glasi iliyolia.

"Usiiachilie!" mwanamke alisema akija mbio.

"Mm," alijibu mwanamume.

"Usiitikise!"

"Mm-mm."

"Wewe ni bubu?"

Mwanamume aliinama kidogo, akamwonyesha pasipoti iliyokuwa mdomoni. Mwanamke akaichomoa, akaifuta kwa kiganja, kisha, bila haya yoyote, akaifungua na kusoma. "Edgar Owori. Amezaliwa Tororo. Kumbe ni jirani! Nilidhani umetumwa na serikali kuja kuziba barabara."

"Naweza kuiweka chini sasa, mama?"

"Mama ni nani? Mimi nina miaka ishirini na saba. Naitwa Kevina."

Owori alimtazama vizuri. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la rangi ya chungwa lililomkaa kiunoni kama limeshonewa pale pale barabarani, raba nyeupe miguuni, na kalamu imechomekwa kwenye nywele zake za kusuka. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya sherehe: mahema, viti, masufuria, sahani na hizo glasi. Harusi na matanga ya pande zote mbili za mpaka yalipita mikononi mwake.

"Unacheza mpira wa kikapu?" aliuliza.

"Zamani. Sasa nacheza mpira wa Kiamerika."

"Ule wa kugongana vichwa?"

"Huo huo."

"Na ndiyo kazi?"

"Ilikuwa kazi mpaka wiki tatu zilizopita."

Kevina alichomoa kalamu nywelini, akamshika mkono bila kuuliza, akaandika namba yake ya simu kwenye kiganja. Kiganja kilikuwa kipana, na vidole viwili vilikuwa vimepinda kwa kuvunjika zamani. "Nipigie," alisema. "Wafanyakazi wangu ni wafupi, na mahema yangu ni marefu."

*

Alimpigia jioni ile ile, kabla hata hajamaliza kusalimiana na watu wa nyumbani. Siku ya tatu walikutana katika hoteli moja ya samaki karibu na stendi ya Busia. Kevina akaamuru aelezwe mchezo huo tangu mwanzo, maana hataki kutembea na mtu ambaye kazi yake haijui.

Owori alipanga chupa tano za soda mstari mmoja juu ya meza. "Hawa ndio ukuta. Nyuma yao anasimama mrushaji. Mimi nasimama hapa." Akaweka chupa ya pilipili mwisho kabisa wa mstari. "Nafasi yangu inaitwa taiti endi. Kazi yangu ni mbili. Mara nakuwa ukuta, nagongana na mijitu ili mwenzangu apite. Mara naponyoka, nakimbia mbele, narushiwa mpira."

"Kwa hiyo adui hajui wewe ni nani."

"Hata mimi siku nyingine sijui."

Kevina alicheka, akanyanyua chupa ya pilipili na kuimimina juu ya samaki wake. "Ukuta unaofunguka ni mlango. Endelea, Bwana Mlango. Ulifikaje huko?"

Mtu asiyeujua mchezo huu asione haya. Hata Owori mwenyewe hakuujua. Aliondoka kijijini kwao Paya, karibu na Tororo, kwenda Amerika akiwa na miaka kumi na saba kwa msaada wa kimasomo, akiamini anakwenda kurusha mpira wa kikapu. Chuo kilikuwa kwenye tambarare za mahindi, kilomita nyingi kutoka mji wowote mkubwa. Kocha wa mpira wa Kiamerika alimwona siku moja akipanga viti ukumbini, akamwita, akamvika helmeti. Mwaka wa kwanza hakucheza hata dakika moja. Alifundishwa kusimama, kuinama na kuanguka kama mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka wa pili alidaka mipira mitatu, mwaka wa tatu kumi na tisa. Mwaka wa nne alidaka arobaini na mmoja, akafika eneo la mwisho na kufunga mara sita, na watu elfu ishirini wakajifunza kulitamka jina lake. Walilitamka vibaya, lakini kwa sauti kubwa.

"Kisha ukawa tajiri," alisema Kevina.

"Kisha ikaja siku ya timu za kulipwa kuchagua vijana. Mizunguko saba. Nilikaa na wenzangu mbele ya televisheni siku tatu. Hakuna aliyenitaja."

Ilipoisha, wakala wake, Bwana Doyle, alimpatia timu iliyomchukua bila kuchaguliwa. Ikamwacha. Ikamrudisha kwenye kikosi cha mazoezi, wale wanaogongwa wiki nzima na siku ya mechi wanavaa suti. Mwaka wa pili alicheza mechi kumi na moja na kufunga mara moja, siku ya theluji. Kisha goti la kulia likakatika. Alipopona alikwenda timu ya pili, halafu ya tatu, na mwisho wa Agosti ile timu ya tatu ikamwambia maneno ambayo kila mchezaji anayajua.

"Maneno gani?"

"Mtu anakuja chumbani asubuhi, mpole sana, anasema: kocha anataka kukuona, na uje na tableti yako. Tableti ndiyo ina mbinu zote za timu. Wakiitaka, umekwisha. Hawapigi kelele, Kevina. Wanaokuacha huwa wanasema polepole."

Kevina aliacha kutafuna. Alinyoosha mkono juu ya meza, akavishika vile vidole vilivyopinda.

*

Wiki zilikwenda. Owori alikuwa Tororo kwa dada yake Athieno, muuguzi mwenye ulimi mkali. Kila alfajiri alipiga mbio kwenye uwanja ulio chini ya mwamba wa Tororo, na kila alasiri alijikuta Busia akibeba nguzo za mahema. Walipigiana simu mara sita kwa siku.

"Umekula, Mlango?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sauti yako."

"Itakushibisha?"

"Ndiyo maana nakwambia njoo."

Lakini mtu huyu hakutulia. Akiketi, goti lilichezacheza. Akizungumza, jicho lilikuwa kwenye simu. Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mechi za Amerika huchezwa Jumapili, na asubuhi yake majina ya walioumia hutangazwa. Timu ikikosa mtu, huwaita wasio na timu wajaribiwe Jumanne. Jumatatu moja Kevina alimkuta ameegemea lori, anasoma kwa bidii kuliko mtu wa mtihani.

"Unasoma nini?"

"Orodha ya majeruhi."

"Una ndugu humo?"

"Hapana. Natazama watu wa nafasi yangu."

"Na ukimwona mmoja, unafurahi?"

"Sifurahi. Naweka simu chaji."

Kevina alifunga turubai bila kumtazama. Aliposema, sauti yake ilikuwa imepungua mzaha. "Sikiliza, Edgar. Mimi nakupenda, na wewe unajua, mpaka wauza samaki wanajua. Lakini siwezi kuwa mahali pa kukaa wewe ukisubiri gari. Kama unanitaka, uje kwetu ukae mbele ya wazee. Kama unasubiri simu, subiri, lakini si mgongoni mwangu."

"Nakuja," alisema Owori. "Niambie siku."

Mashangazi wakakutana, wakapanga. Owori aje Masaba, nyumbani kwa kina Kevina, Jumamosi ya wiki mbili mbele, ajitambulishe rasmi. Habari ikaenea. Tangu saa ile, kwa Wasamia, kabila la kina Kevina, alishahesabiwa kuwa mkwe. Kwao, mkwe na mama mkwe wana heshima yao: hawapeani mikono, hawakai karibu, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Kugusana ni aibu isiyosemwa hadharani. Kwa kina Owori, Wapadhola, desturi ni ile ile, hivyo hakuna aliyehitaji kumfundisha. Alijua vizuri. Isiyojua ilikuwa mikono yake.

*

Kosa la kwanza lilikuwa la Kevina. Jumamosi iliyotangulia ile ya utambulisho alikuwa na harusi ya mteja huko huko Masaba, akamwita Owori asimamishe mahema. Alijua mama yake, Mama Patience, atakuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mkutano ukaahirishwa. Mama Patience, ambaye hakuna aliyemshinda kupamba, akaja harusini na mikunjo yake ya vitambaa, akamwona mkwe upande ule, akahamia upande huu, akapanda juu ya meza afunge kitambaa cha zambarau kwenye nguzo.

Mguu wa meza ukavunjika.

Owori alikuwa hatua nne kutoka pale, mgongo umeelekea huko. Alisikia mbao ikilia. Hakufikiri; miaka minane walimlipa na kumfundisha asifikiri. Aligeuka, akaruka viti viwili, akamdaka mama mkwe wake chini kabisa, kichwa cha mama kikiwa kimebakiza shubiri moja kufika kwenye jiwe la jiko.

Pale palikuwa na watu kama mia mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke aliyekuwa anamenya ndizi aliuziba mdomo kwa kisu na mkono pamoja. Owori, amemkumbatia mama yule kifuani, aliona macho yote na ndipo akili yake ikafika. Akamweka chini taratibu kama yai. Mama Patience alijifunika uso kwa leso, akatoka, akashika njia ya nyumbani bila kugeuka.

"Mama, umeumia?" Owori aliita.

"Usimwite!" Kevina alimnong'oneza kwa ukali. "Edgar, jamani, usimwite!"

Siku ya pili, baada ya kanisa, simu ililia.

"Edgar," alisema Kevina, "Jumamosi usije."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Ulitaka aanguke?"

"Sijasema hivyo."

"Kichwa chake kingepasukia kwenye jiwe, Kevina."

"Najua. Wazee wanazungumza. Wewe tulia kwanza."

Alisema polepole. Alisema kwa upole, kwa sababu mama yake alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Lakini Owori aliisikia sauti ile. Aliifahamu. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuja asubuhi kukuomba tableti.

"Nimeelewa," alisema, akakata.

Kevina alipiga tena Jumatatu, hakupokea. Jumanne, hakupokea. Jumatano alipiga mara tano. Owori alikuwa uwanjani anakimbia mpaka goti linavimba, anarudi, analiwekea barafu, anakwenda tena.

"Yule msichana amekukosea nini?" Athieno aliuliza akimfunga bendeji.

"Ameniacha."

"Mtu aliyekuacha anapiga simu mara tano?"

"Wakikuacha hupiga. Kuna karatasi za kutia sahihi."

"Ndugu yangu," alisema Athieno, "kule walikugonga kichwa vibaya."

Ijumaa asubuhi simu nyingine ililia, ile aliyoingoja miezi miwili. Bwana Doyle alizungumza kwa kasi. Jana, Alhamisi, kulikuwa na mechi. Taiti endi wa timu fulani ya kaskazini ameumia goti, msimu wake umekwisha. Wanawaita watu wanne Jumanne saa nne asubuhi kwa saa zao. Wanahitaji anayejua kuzuia. Wamemtaja yeye kwa jina. Ndege inaondoka Entebbe Jumapili alasiri. "Edgar, uko tayari?"

"Niko tayari."

Alisimama katikati ya chumba. Alifungua begi. Hakujua aanze na nini.

*

Alikwenda uwanjani, maana hakuweza kukaa. Kevina alimkuta huko. Athieno ndiye aliyempigia, na Kevina aliacha harusi nzima mikononi mwa msaidizi wake Elungat, akaja kwa pikipiki na vumbi lake lote. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi na shati la kazini lenye alama za gundi; leo hakuwa na kalamu nywelini.

"Simu yako imeharibika?" aliuliza kabla ya salamu.

"Haijaharibika."

"Basi ni masikio?"

"Ulisema nisije."

"Nilisema Jumamosi usije! Mwaka una Jumamosi ngapi?" Alimsukuma kifuani kwa mikono yote miwili, ilikuwa kama kusukuma lori. "Wiki nzima nazunguka kwa wazee. Nimekwenda kwa Baba Mdogo Chrispinus mara tatu. Nimevuka mpaka kwenda kwa babu zangu wa Samia ya Kenya. Nimepigiwa kelele, nimenyamaza. Nimekula ugali wa watu nisiotaka hata kuwaona. Nawe umekaa hapa unanuna!"

"Nilidhani—"

"Ulidhani mimi ni kocha."

Owori alitazama chini. Kisha aliuliza, "Mama hajambo?"

Hapo Kevina alipoa. Akaketi kwenye nyasi. "Hatoki nje. Tangu Jumamosi. Mahali pake sokoni pako wazi, wateja wanauliza. Anasema atapitaje mbele ya watu, na kila mtu ameona. Mpaka jambo hili lisafishwe hatoki. Sasa wazee wamekubali. Mbuzi wa kusafisha aibu ninaye, blanketi la mama ninalo. Unatakiwa wewe tu. Keshokutwa, Jumapili, baada ya kanisa."

"Jumapili," alisema Owori.

"Ndiyo. Kwa nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote: Alhamisi, goti la mtu, watu wanne, Entebbe. Kevina alisikiliza huku anang'oa nyasi moja moja.

"Kesho haiwezekani?" Owori aliuliza.

"Kesho wazee wote wako mazishini Lumino. Na wa ng'ambo wanafika Jumapili." Akapangusa mikono. "Basi nenda."

"Unasema niende?"

"Ndiyo kazi yako."

"Kevina, niambie nibaki."

"Sikwambii."

"Neno moja tu."

"Sikwambii, Edgar!" Alisimama, macho yamejaa maji, lakini sauti haikutetemeka. "Nikikwambia ubaki, siku utakayoamka umechoka na mahema utanitazama mimi. Nikikwambia uende, siku watakayokuacha tena utanitazama mimi. Umezoea kuitwa na kuachwa na watu wengine. Safari hii jiite mwenyewe."

Akaanza kuondoka. Owori alitoa simu. Alitembea hatua tatu kushoto, mbili kulia. Kule Amerika kulikuwa bado hakujapambazuka. Bwana Doyle alipokea kwa sauti ya usingizi.

"Bwana Doyle, siwezi kufika Jumanne hii. Naweza kufika ijayo."

Kevina alisimama pale alipokuwa.

"Edgar, hakuna Jumanne ijayo. Nafasi ni moja, wanaume ni wanne."

"Basi wawe watatu."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Kuna mtu amejifungia ndani kwa ajili yangu."

Alikata simu. Kevina alirudi, akampiga ngumi ya bega, ya pili, ya tatu, kisha akamkumbatia kiunoni, maana mabega hakuyafikia.

"Mjinga wewe," alisema kwenye fulana yake. "Umefanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mama yako. Wewe ungenisubiri."

"Nani amekwambia?"

"Umekuja kwa pikipiki kutoka Busia."

"Nilikuja kukutukana."

"Umemaliza?"

"Bado. Nitaendelea kidogo kidogo."

*

Jumapili Owori alivaa suti ya kijivu aliyoivaa siku za mechi ambazo hakucheza. Baba Mdogo Chrispinus, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, alimketisha kwenye kigoda barazani, mgongo umeelekea ukuta. Nyuma ya ukuta huo, ndani, alikaa Mama Patience. Mbuzi alikwisha kuchinjwa. Blanketi lilipita kutoka mkononi mwa Owori kwenda kwa shangazi, na kutoka kwa shangazi kwenda ndani.

"Huyu kijana," Chrispinus aliwaambia wazee, "alitenda kosa la kuokoa mtu. Ni kosa zuri, lakini ni kosa. Analikubali?"

"Nalikubali."

"Utarudia?"

Owori alifikiri. "Akianguka tena, mzee, sina hakika na mikono yangu."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kutoka ndani kulisikika kikohozi kingine, cha mwanamke, kilichofanana sana na kicheko kilichozuiwa. Kisha sauti ya Mama Patience ikapenya dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza Owori kuisikia ikimzungumzia.

"Baba Mdogo, mwulize mkwe. Kevina ameniambia kuna mtu ameumia goti huko, ndipo wakamwita yeye. Huyo mtu hali yake ikoje?"

Baraza lote lilimtazama Owori. Miezi miwili alikuwa amesoma majina ya waliovunjika. Alijua uzito wao, urefu wao, mikataba yao inaisha lini. Hakuwahi kumwuliza hali hata mmoja wao.

"Sijui, mama," alisema. "Sikuuliza."

"Basi aulize," ilisema sauti. "Naye ana mama."

Jumatatu alfajiri Mama Patience alionekana sokoni, blanketi jipya begani japokuwa hakukuwa na baridi, anawauliza wateja kama wamemkosa. Utambulisho ukapangwa Jumamosi ya pili. Na Owori aliitafuta namba ya yule mchezaji aliyeumia, akamwandikia ujumbe mfupi wa pole. Jibu lilikuja baada ya saa tatu: neno la asante, na picha ya goti lililofungwa.

*

Jumanne aliishinda mpaka saa kumi na moja unusu. Alisaidia kufua, akamkatia Athieno kuni ambazo hakuzihitaji. Lakini saa kumi na mbili jioni kwa Tororo ndiyo saa nne asubuhi kwa ile timu ya kaskazini, na mwili wake ulijua. Wanaume watatu sasa wanavaa viatu. Sasa wanaitwa kwa majina. Alivaa vyake, akatoka, akashika barabara ya Mbale, anakimbia kama anayefukuzwa. Wauza mahindi walimwita, hakugeuka.

Simu ikalia. Aliipokea akikimbia.

"Unahema nini?" aliuliza Kevina.

"Nakimbia."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Kevina, sasa hivi ndiyo saa yenyewe. Siwezi kukaa."

"Najua. Hata mimi nimevunja sahani mbili." Alisikika akifagia vigae. "Unajuta?"

"Mguu mmoja unajuta."

"Na ule mwingine?"

"Unamfuata tu mwenzake."

Alimsikia akicheka, halafu akaacha kucheka. "Edgar, wakikuita tena?"

"Sijui. Pengine wataita. Pengine nitakwenda. Siwezi kukudanganya kwamba moyo umetulia."

"Sijakuomba utulie. Ungetulia nisingekutambua. Wakikuita tena, tutakaa tuzungumze, mimi na wewe, kabla hujasema niko tayari. Umesikia? Tutazungumza. Lakini leo hawajakuita. Leo nakuita mimi. Uko barabara gani?"

"Ya Mbale."

"Huko nani anakupenda? Geuka. Kama ni lazima ukimbie, kimbia kuelekea huku."

"Busia? Na goti hili?"

"Kimbia mpaka lichoke. Mimi napanda pikipiki sasa hivi, nakuja kwa njia ya Namutere. Mahali nitakapokukuta, hapo hapo tutasimama."

"Na ukinipita?"

"Edgar Owori," alisema Kevina, na tayari pikipiki ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti yake, "mtu mwenye ukubwa wako anapitwaje?"

Alisimama. Jasho lilimtiririka machoni, akalifuta kwa bega. Mbele yake barabara ya Mbale ilikuwa nyeupe na tupu. Aligeuka, akaipa mgongo, akaanza tena kukimbia.